Jicho Lililobaki Garini

Fundi cherehani alikuwa amesimama kando ya barabara na furushi la sare za shule, akingoja kuvuka, gari jeupe lilipopunguza mwendo mbele yake. Kioo kikashuka. Kijana akatoa bunduki ya mchezo, zile zinazofyatua vidonge vya rangi kwa nguvu ya hewa, akamlenga usoni. Kidonge cha kwanza kilimpasukia begani. Cha pili kilimpata jicho la kushoto. Alisikia wenzake garini wakicheka, kisha gari likaondoka taratibu, kama la mtu anayetoka kununua mkate.

Hospitalini, daktari wa macho alimkuta amelikandamiza jicho kwa khanga.

"Usilibonyeze, mama. Toa mkono polepole."

Alimfuta rangi ya bluu kwenye kope, akamulika ndani, akatazama kwa muda mrefu. Damu ilikuwa imevia mbele ya mboni. Alimtia matone, akafunika jicho kwa kikombe kigumu cha plastiki kisichogusa kope, akamwambia alale kichwa kikiwa juu, asiiname, asijifikiche.

"Nitaona tena?"

"Sasa hivi unaona nini?"

Fundi alilifumba jicho zima. "Usukani. Na mkono wa mtu aliyevaa saa."

Daktari alizima taa yake. "Hutokea," alisema. "Jicho likipigwa vibaya namna hii, mara nyingine hubaki na aliyelipiga. Wewe usiliguse tu."

Basi likawa hivyo. Jicho zima aliweza kulifumba akapumzika. Lile lingine halikufumbika. Lilizunguka mjini na wale vijana mchana kutwa, nalo halikuchagua cha kuona. Mdogo wake alipokuja na chupa ya chai, alimkuta ameshika ukingo wa kitanda.

"Wako wapi saa hizi, dada?"

"Sokoni. Mbele yao kuna mzee kabeba trei ya mayai. Hajui kitu, maskini."

"Wanasemaje?"

"Jicho halisikii."

Kisha akaona mtutu ukipanda, akageuza uso ukutani, ingawa kugeuka hakukumsaidia chochote. Muda si mrefu mzee aliingizwa wodini akiwa na uvimbe shingoni mkubwa kama limau, bluu mpaka kwenye ndevu. Muuguzi alikuwa ameshamtandikia kitanda. Siku hizi alikuwa akipita kwa Fundi kwanza, anauliza, "Kuna anayekuja?" Akiambiwa ni jicho, anamwita daktari. Akiambiwa ni mgongo, anaandaa barafu na dawa ya maumivu.

Afande mmoja alikuja kuchukua maelezo. Alivua kofia, akavuta kiti. Fundi alimweleza yote: namba ya gari, geti linakolala, ngazi za marumaru, na baba wa mmoja wao anayewapokea kwa kuwapigapiga mabegani kwa furaha. Afande aliposikia ngazi za marumaru, kalamu yake ilisimama.

"Nyumba hiyo naijua," alisema.

"Basi si mwende?"

"Jicho lako haliwezi kuwa shahidi, mama. Muda wote lilikuwa upande wao."

Akavaa kofia, akampa pole, akaondoka akitembea karibukaribu na ukuta.

Alasiri moja, saa ya kuona wagonjwa ikikaribia, jicho lilionyesha ukuta mrefu wa manjano, halafu dirisha. Dirishani alikaa mwanamke aliyekonda, plastiki usoni, na nyuma yake mwingine akimsuka nywele. Fundi alimtazama yule mwanamke akimwonea huruma, mpaka alipoitambua khanga.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "lala chini."

"Kuna nini?"

"Wanatuona."

Mdogo wake alijitupa sakafuni, kitana kingali mkononi. Fundi naye alitaka kuinama, akakumbuka amekatazwa, akabaki ameketi wima. Muuguzi aliwahi akavuta pazia.

"Wameondoka?"

"Bado. Wamegeukia geti la hospitali. Watu wamepanga foleni pale. Kuna mama kampakata mtoto."

Hakuna aliyekwenda getini kuwaonya. Muuguzi alisukuma machela mpaka mlangoni, akakaza breki za magurudumu. Daktari alikwishakunja mikono ya shati, ananawa.