Cheti Kilichosomwa Mkutanoni

Mara ya tatu Regina alipolazwa wodi ya watoto, Daktari Eustace alishajua kwamba maziwa ya unga peke yake hayatamponya. Mtoto wa miaka minne, haongei, sahani anaiangalia kama ya mwenzake. Mama yake, Theresia, alishaeleza yote: serikali ilipowahamishia kijiji kipya bondeni, upande wa Mlali, na kukataza mtu kurudi, bibi aliyemlea mtoto aligoma kushuka mlimani. Mtoto akanyamaza siku hiyohiyo.

Basi daktari akaandika cheti, akakigonga muhuri: mtoto arudi kwa bibi yake, ndiyo dawa. Akampa baba, Petro, apeleke kijijini. Petro wa watu akakisoma mkutanoni, kwa sauti, mbele ya mwenyekiti.

Muuguzi Mwanaasha aliposikia akaweka chini bakuli la uji.

"Dokta, umempa baba?"

"Nimpe nani tena?"

"Huko kwenu Bukoba sawa. Hawa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama. Mwenye kauli ni mjomba. Si ungeniuliza? Hata jina la mbuzi wake ningekutajia."

Alhamisi mjomba akaja mwenyewe kuwachukua, Mzee Kasiani, shati la kanisani, cheti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Daktari, habari za mtoto wangu nimezisikia mkutanoni, pamoja na wapita njia."

"Nimekosa, mzee. Naandika kingine sasa hivi, kwa jina lako."

"Utaandika. Lakini mwenyekiti aliniuliza palepale, kumbe ukoo wako unarudi mlimani? Nikasema harudi mtu. Kijiji kizima kimenisikia." Akakiweka cheti mezani taratibu. "Ungenijia kimyakimya, ningempandisha mwenyewe alfajiri. Nani angeuliza habari za mtoto mmoja?"

"Atakufa, mzee."

"Najua. Na nina watoto kumi na wawili wa dada zangu pale kijijini, wote wanaishi kwa mdomo wangu huu. Nikigeuza neno, watasumbuliwa wote."

Daktari akakikunja cheti. Dawa alikuwa nayo, akaipitisha mlango siyo.

Theresia akamfunga mtoto mgongoni. Mwanaasha akamtilia maziwa ya wiki mbili kwenye kapu. Kwenye daftari la wodi daktari akaandika uzito, kilo tisa na nusu. Nafasi ya tarehe ya kurudi akaiacha tupu.