Alama Thelathini na Nane

Miaka kumi na tisa Verna Kosko alikuwa akipaka rangi mistari ya uwanja ule wa Pittsburgh, na bado kila alipotokea kwenye njia ya chini akauona mzima, viti juu ya viti hadi karibu na mawingu, alisema kimoyomoyo, "Loo!" Wala hakuona haya. Asiyeshangaa pale ana lake jambo.

Mpira pale ni ule wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi: Jumamosi wanacheza wanachuo, Jumapili wanacheza wakubwa wa kulipwa. Nyasi ni zile zile, ila mistari siyo. Zile alama fupi za katikati, wanachuo huzitaka zikae mbalimbali, wakubwa huzitaka zikaribiane. Kwa hiyo mechi ya chuo ikiisha, kikosi cha wapaka mistari kinafuta, kinapima kwa kamba, kinapaka upya. Jumapili hii ilikuwa ya kwanza kwa Verna kama msimamizi, na mkurugenzi wa uwanja alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: mstari mmoja ukienda kombo, kazi huna.

Saa nne na nusu asubuhi akapanda ngazi hadi safu ya mwisho juu kabisa kuikagua mistari, kama walivyofanya wasimamizi wote kabla yake.

"Mama, unaenda kumpigia Mungu hodi?" akapayuka Darnell, mwenzake wa siku nyingi.

"Nikimkuta nitamshtakia uvivu wako!"

Kule juu upepo ulivuma kutoka mtoni, na uwanja ulilala chini yake umenyooka, kijani kibichi, hata akatamani kulia kwa uzuri wake. Halafu moyo ukamlipuka. Upande wa kusini, kuanzia yadi ya ishirini hadi golini, alama zilikaa vile vile kama jana. Za wanachuo! Na aliyeshika kamba kule ni yeye mwenyewe. Mazoea yana taabu. Mkono ulikuwa bado uko Jumamosi.

Akateremka mbio, magoti yakimlalamikia. Wakasugua kwa maji na brashi, wakafunika kwa rangi ya kijani, wakapima upya. Alama thelathini na nane. Hawajamaliza hata ya tano, mageti yakafunguliwa.

Watu wa mji ule wanaijua mistari kama wanavyojua majina ya wajomba zao. Jamaa mmoja wa safu za juu akawaona wakirekebisha, akacheka, akapaza sauti: "Sita!" Wenzake wakamjibu, "Saba!" Kufika ishirini, maelfu walikuwa wakihesabu kwa pamoja, ardhi ikitetemeka chini ya Verna. Ngurumo ile aliisikia miaka yote, lakini ilikuwa ya wengine. Nywele zikamsimama. Akaendelea kupaka.

"Thelathini na nane!" Uwanja mzima ukalipuka kwa shangwe.

Mkurugenzi akaja uso umemwiva. "Nani alishika kamba?"

Darnell akafungua mdomo amsitiri. Verna akamwahi.

"Mimi."

Mkurugenzi akatazama juu. Watu wamesimama, wanapiga makofi, hawana habari ya kukaa. Akasema neno, likazama kwenye makelele. Ikabidi amwinamie Verna sikioni.

"Basi, msimamizi, waambie wewe wakae. Mimi hawatanisikia."