Helmeti Zilizoacha Kukohoa

Jumatatu asubuhi helmeti thelathini na mbili za bodaboda zilirudishwa na wapimaji wa ubora kwenye karakana ya Kihonda. Felista, fundi wa presi, alikata moja kwa msumeno aone ndani. Palikuwa na viputo vya hewa, vingine vikubwa kama punje ya mtama, na kila msumeno ulipopasua kimoja, kilikohoa.

"Hata kwenye maabara yao zimekohoa," alisema Bwana Hashimu, msimamizi. "Hilo hawana shida nalo. Shida ni kwamba zimepasuka walipozigonga. Wametupatia wiki mbili, la sivyo tunafunga."

"Niachie mimi, bosi."

Helmeti zilikuwa za singa, yaani nyuzi za mkonge, na gundi, zikikandamizwa kwa presi ndani ya kalibu ya moto iliyozipa umbo. Felista alianza na unyevu. Alizikausha singa kwenye oveni kabla ya kuzitia gundi, kikohozi kikapungua. Kisha akaacha kuzitandaza kalibu nzima, akazirundika katikati, ili gundi ikitambaa kwenda ukingoni isukume hewa mbele yake. Kikapungua tena. Siku ya tisa alishusha presi polepole, akaiinua kidogo kwa sekunde mbili gundi ikiwa bado laini, ndipo akaibana kwa nguvu zote.

Katika sekunde zile mbili ilipoinuka, kikohozi chote kilitoka kwa mkupuo. Kilikuwa cha watu wengi, na mmoja wao alimjua: dada yake, Anastasia, aliyekuwa akisafisha singa kwa brashi, katika vumbi lake, kwenye shamba la mkonge zilikotoka. Alikohoa mara mbili kwa kifupi, kisha kwa kirefu, kama Pasaka alipokuja kwa mama yao Mkuyuni.

"Shikamoo, dada," Felista alisema, akaendelea na kazi.

Helmeti ile aliikata vipande vinane. Ndani ilikuwa laini kama mche wa sabuni. Wapimaji walikuja, wakagonga nyingine ya namna hiyo, wakaigonga tena, wakamuuliza amesomea wapi.

"Hapahapa," alijibu, amenyoosha mgongo.

Jioni alimpigia dada yake.

"Barakoa wamewapa?"

"Wanasema ziko njiani. Tangu mwaka juzi." Anastasia akakohoa. "Helmeti zenu je?"

"Hazina kiputo hata kimoja."

"Hata kimoja! Ngoja niwaambie wenzangu. Singa zetu hizo."

Asubuhi Felista alimweleza Hashimu habari za barakoa. Hashimu akasema shamba lile lina wenyewe, na oda mpya ni ya helmeti elfu mbili. Ila alikubali kwamba fundi wake bora hawezi kufanya kazi katika kelele ile ya kikohozi kila presi inapoinuka. Akaita seremala atoboe dirisha juu ya presi, akamwelekeza vizuri: kikohozi kitoke, mvua isiingie.