Mgongo wa Ukuta

Kila asubuhi, mke wake alipotaka kuwasha jiko, Ukuta alisimama jikoni ameelekea dirishani na kumpa mkewe mgongo. Kiberiti kikawaka bila shida. Chai ikishachemka alitoka kinyumenyume, asije akageuka majivu yakaruka.

Upepo ulianza kumfuata nyumbani baada ya yale mashindano ya baiskeli ya milimani ambayo nahodha wa timu yake alitwaa ubingwa. Popote alipoelekeza uso, ulimvumia kutoka huko huko. Nyuma yake palikuwa shwari. Daktari wa timu alimpa dawa ya macho. Majirani, watu wasioacha cha bure, walianika nguo mbele yake.

Kazi yake kwa miaka yote ya kulipwa, barabarani na uwanjani, ilikuwa moja: kuendesha baiskeli mbele ya nahodha, akikata upepo ili mwenzake atunze nguvu, kisha kujiweka kando mstari wa kumalizia ukikaribia. Ndiyo maana wakamwita Ukuta. Hakuwahi kushinda hata mbio za mtaani, wala hakulalamika, jambo lililomkera mkewe kuliko upepo wenyewe.

Binti yao alikuwa na miaka minne, na uso wa baba yake aliujua kwa picha tu. Akisimama mbele yake, upepo ulimtupa magotini pa baba kabla hajainua macho. Alishapasuka mdomo mara mbili. Basi akalelewa mgongoni. Ukuta hakutaka medali. Alitaka mtoto wake amtazame usoni, basi.

Fundi baiskeli wa timu alimwambia kwamba dawa ipo. Akiendesha nyuma ya mgongo wa mtu mzunguko mmoja kamili wa uwanja, upepo utamwachia. Ukuta akajikaza, akamwomba nahodha.

"Ndugu yangu, hilo nalo la kuomba?" nahodha alisema. "Mbio zako za kuaga, mzunguko wa mwisho nakaa mbele mimi."

Siku hiyo mkewe alimvalisha mtoto gauni jipya, wakakaa karibu kabisa na mstari. Ukuta alivuta mbele mizunguko yote, kama kawaida. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, akapanda kidogo kwenye ukingo ulioinama wa uwanja kumpisha nahodha. Nahodha akapanda naye, gurudumu lake la mbele likiwa nyuma tu ya la Ukuta.

"Pita," Ukuta alisema.

"Vuta kidogo tu, kaka. Kuna mtu nyuma yangu."

Ukuta alijua asipovuta nahodha atashindwa, na alijua pia kwamba hiyo si shida yake tena. Miguu haikumsubiri amalize kufikiri. Ilivuta. Walipoingia kwenye mnyoofu wa mwisho, nahodha akampita kwa kando, akainua mikono.

Baadaye alikuja kumkumbatia Ukuta, kwa nyuma, maana huko ndiko alikozoea. Alisema amepitiwa, amsamehe, mwaka ujao hatasahau. Kisha akaitwa kwenye picha. Ukuta hakuwa na mwaka ujao. Mkataba wake ulikuwa umeisha na ile kengele. Alivuta mkanda wa kofia, haukufunguka.

Mkewe aliufungua. Kisha akamzungusha mtoto kwa nyuma na kumpandisha mgongoni pa baba yake, gauni jipya na yote.

"Baba, unalia?"

"Hapana, mwanangu."

Mtoto hakuridhika. Akapitisha mkono mbele, akayapapasa mashavu yote mawili na kuyakuta makavu. Kwa upepo ule, hakuna chozi la Ukuta lililowahi kufika shavuni kabla halijakauka. Mtoto akamwamini, akaegemeza kichwa na kusinzia, na baba yake akashika njia ya nyumbani akiwa amekunja uso, mkewe akifuata nyuma, palipo shwari.