Cheti cha Kifo cha Diski

Mimi ni fundi kompyuta, nipo Kashai, hapa Bukoba, na niseme mapema kwamba sipendi kufundishwa kazi. Mteja akiniambia "fundi, hebu jaribu hivi," natamani nimrudishie kifaa chake aende nacho. Watu husema sisi Wahaya tuna maringo. Wengine siwasemei, ila mimi nilipewa ya watu wawili.

Mwezi wa sita alikuja Ma Kokugonza, mama wa miaka hamsini na ushee kutoka Kagoma, kule Muleba. Alifungua mkoba, akatoa leso, akaikunjua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na diski ndogo nyeusi, zile za kisasa zenye kasi.

"Humu yumo baba yangu," akasema. "Nitolee tafadhali, waitu."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake, mzee Lwakatare, alifariki mwezi wa nne. Miezi michache kabla ya hapo walikuwa na sherehe ya komunio ya mjukuu. Mzee akamwita mpiga video, Omary, chumbani kwake, watu wengine wakiwa nje na pombe yao ya rubisi, akasema mbele ya kamera kwamba kibanja cha bondeni, lile shamba la migomba, ni cha Kokugonza. Ni binti aliyerudi nyumbani ndoa ilipovunjika, akalima kibanja kile na kumuuguza baba yake miaka kumi na mmoja. Omary aliweka video zote kwenye diski ile, akaikabidhi, akafuta kadi zake, akahamia Songea. Nakala nyingine hakuna.

Kaka yake, Rutashobya, anayeishi Mwanza, alikuwa anakitaka kibanja hicho hicho. Mkuu wa ukoo, Ta Karugendo, alishatamka: wakimsikia marehemu kwa kinywa chake, hakuna wa kumpinga. Wasipomsikia, ardhi inakwenda kwa mtoto wa kiume kama ilivyozoeleka. Kikao kilikuwa Jumamosi. Siku aliyokuja kwangu ilikuwa Jumatano.

"Hii kazi ya dakika tano, Ma," nikamwambia. "Kaa unywe chai."

Nilichomeka diski kwa waya wangu. Niwaeleze kuhusu huo waya. Niliununua Kampala, mnene, umefumwa kwa nyuzi, urefu mita mbili, na kwenye boksi wameandika kasi ambayo hapa Bukoba hakuna aliyekuwa nayo. Niliutandaza kutoka kwenye mashine hadi mbele ya meza ili kila anayeingia auone. Hata ule mfupi wa Ma Kokugonza, wa urefu wa kiganja, niliucheka, nikamwambia auweke mkobani.

Video ikaanza kuhamia. Asilimia kumi, ishirini, ikaruka mpaka thelathini na nne, ikasimama. Mashine ikaandika hitilafu, diski ikapotea kwenye kioo kana kwamba haijawahi kuchomekwa. Baada ya muda ikarudi yenyewe. Nikaanza upya, ikafika kumi na tisa. Nikajaribu kuitazama video humo humo bila kuihamisha: mzee akatokea, akafungua mdomo, picha ikaganda.

Siku mbili nilihangaika. Nilisafisha tundu kwa brashi. Nilibadilisha programu zinazoendesha diski. Nilizima mashine, nikawasha, nikapuliza feni. Kila kitu nilikigusa isipokuwa waya, kwa sababu waya ulikuwa wangu na ulikuwa mzuri. Ndivyo nilivyofikiri, na naona aibu kulisema.

Ijumaa mchana Ma Kokugonza alirudi. Aliuliza kwa upole tu, "Nimpelekee na mwingine aangalie?"

Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda. "Ma, ukitoka kwangu utakwenda wapi hapa mjini? Diski imekufa. Imekufa ndani kwa ndani."

"Una hakika, mwanangu?"

"Mia kwa mia."

Neno lililokuwa kweli lilikuwa *sijui*. Lilikuwa pale kwenye ulimi, nikalimeza. Tena sikuishia hapo. Mama wa watu akasema wazee watadhani anawadanganya, basi nikamwandikia karatasi. Kiingereza juu, Kiswahili chini: kifaa kimekaguliwa kitaalamu, kimekufa, hakuna kitu kinachoweza kupatikana tena. Nikagonga muhuri, nikatia sahihi yangu ile yenye mikia. Nilijisikia daktari.

Diski aliniachia. "Nikae nayo ya nini," akasema, "na umeshasema imekufa." Jumamosi wakakaa. Akawapa karatasi, wakaisoma, wakampa Rutashobya kibanja. Walimwachia mama muda wa kuvuna maharage yake, kisha ahame.

Wiki mbili zikapita. Akaja Mamta, ana duka la vifaa vya umeme pale mjini, aliloachiwa na baba yake, mzee Dhirajlal. Alitaka picha za familia zihamishwe kutoka kwenye diski yake. Nikachomeka. Asilimia thelathini, kimya, hitilafu, diski ikapotea.

"Na yako imekufa," nikamwambia.

"Imekufaje? Asubuhi nilikuwa natazama picha nyumbani." Akaunyanyua waya wangu kwa vidole viwili. "Umebadilisha huu?"

"Mamta, huu ni wa Kampala."

"Hata ukiwa wa mbinguni. Dukani kwetu taa isipowaka hatuanzi kuitukana taa." Akatoa waya wake mfupi mkobani, akachomeka mwenyewe. Picha zake zote zikahama, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Nilifungua droo, nikatoa diski ya Ma Kokugonza, nikaichomeka kwa waya ule wa Mamta. Mzee Lwakatare akatokea, ameketi kitandani, amevaa koti. Akasema yote mpaka mwisho, hakukwama hata mara moja. Waya wangu ulikuwa mrefu mno, haukuweza kubeba kasi ile. Ningeshusha kasi au ningefupisha waya, basi. Mamta aliniona nimekaa chini akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia ndiyo.

Nilimpigia simu Ma Kokugonza. Alilia, kisha akanishukuru, na shukrani zile zilinichoma kuliko tusi. Ta Karugendo alikubali kuita wazee tena, nami nikaenda Kagoma na kompyuta yangu.

Niliwawekea video sebuleni, mbele ya wazee tisa. Marehemu akazungumza. Akataja mipaka ya kibanja, mti kwa mti, akamtaja binti yake kwa jina. Mzee mmoja akafuta macho. Ma Kokugonza alikaa mkekani karibu na mlango, mikono mapajani, na nikajua tumeshinda.

Ndipo Rutashobya akatoa karatasi yangu.

"Fundi huyu huyu ameandika imekufa, hakuna kinachopatikana," akasema. "Leo imefufuka. Siku hizi kompyuta inaweza kumsemesha hata maiti, wote mmesikia. Nani anajua wametengeneza nini huko Kashai?"

Ta Karugendo akaichukua, akaisoma taratibu, akanitazama. Hakuwa na ukali wowote. Naamini alikuwa ananifungulia mlango.

"Kijana, siku unaandika haya, ulijua kwamba imekufa, au hukujua?"

Sikujua. Hilo tu. Ningesema sikujua, nilikosea, waya wangu ndio ulikuwa mbovu, karatasi ile ingekuwa ya kufungia karanga. Lakini kwenye benchi alikuwepo mwalimu mkuu ambaye mashine zote za shule yake natengeneza mimi. Dirishani walijaa majirani. Nikasafisha koo.

"Kitaalamu," nikasema, "inategemea."

"Nimekuuliza kwa Kiswahili."

Nilimwona Ma Kokugonza ananitazama mdomoni, midomo yake nayo ikicheza kidogo, kama mama anayemsaidia mtoto kutamka. Nikasema kwamba hali ya kifaa huweza kubadilika kulingana na mazingira. Nikaongeza mengine, siyakumbuki. Wazee wakaanza kutazamana.

Ta Karugendo akaikunja karatasi. "Mwenyewe hawezi kutuambia kipi ni kweli," akasema. "Basi tutabaki na kilichogongwa muhuri." Wakanyanyuka mmoja mmoja. Rutashobya alikuja kunipa mkono.

Ma Kokugonza alinisindikiza hadi barabarani, maana mgeni haachwi aende peke yake. Alinibebea hata mkungu mdogo wa ndizi, nikashindwa kuukataa. Tulisimama tukisubiri gari, hadi nikaona siwezi tena kuvumilia.

"Ma, sikujua," nikasema. "Siku ile sikujua kabisa tatizo ni nini. Niliona aibu kukwambia."

Aliniangalia. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Kumbe unaweza kulisema," akasema.

Akauweka mkungu chini karibu na miguu yangu, akageuka, akateremka bondeni kwenda kufungasha vyombo.