Zamu Kumi na Mbili

Mama alipanga meli mezani kwa utaratibu wake wa siku zote: meli moja kubwa ya mizinga sabini na nne upande huu, mbili ndogo za mizinga thelathini na mbili upande ule, na chini yake kitambaa cha bluu tulichokichora miraba kwa chaki. Kisha akaandika maneno kwenye kikaratasi, akakikunja na kukiweka chini ya kikombe chake.

"Chagua, Mzinga," akaniambia.

Mzinga ni mimi. Aliyewahi kugombana nami haulizi jina hilo lilitoka wapi. Nikachukua meli kubwa. Kaka akazivuta zile mbili bila neno, kwani ndivyo tulivyocheza tangu utotoni: Mama hugawa, mdogo huchagua, mkubwa hupokea kilichobaki. Upepo na idadi ya zamu Mama huviandika kabla hatujachagua, asije akasemwa kuwa anapendelea.

Siku hiyo hatukuwa tunajifurahisha. Magoti ya Mama yalikuwa yamezikataa ngazi za ghorofa ya tatu, na kwa miezi minne mimi na kaka tulikuwa tunavutana ahamie kwa nani. Tulinuniana, tukapatanishwa, tukanuniana tena. Mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Maneno yametosha. Chezeni. Atakayeshinda nitakwenda kwake, na mtu asinung'unike."

Mimi sikuona hata cha kushindania. Kwa kaka ni vurugu tupu: watoto watatu, redio haizimwi, sufuria zinagongana tangu alfajiri. Kwangu ni kimya. Chumba nilishakipaka rangi, na mtu wa kupika na kufua nilishampata. Kwangu Mama asingeshika hata ufagio, na nilimwambia hivyo kila nilipomwona.

Kaka alifungua kikaratasi, akasoma: "Upepo hafifu. Meli kubwa inakwenda miraba miwili kwa zamu. Ivuke meza nzima kwa zamu kumi na mbili. Isipovuka, ndogo zimeshinda, hata zikibaki vipande."

Alinitupia jicho. Yeye ni mwalimu wa hesabu, na huwa na jicho fulani la darasani lisilopendeza. Sikumjali. Nilikuwa na mizinga, na dadu zilikuwa mkononi mwangu.

Zamu ya tatu nilimvunjia mlingoti mmoja. Zamu ya nne nikamtoboa ubavu. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

"Meli yako ina mizinga sabini na nne," kaka akasema, "na wewe wa sabini na tano."

Lakini alikuwa anajua anachofanya. Ile ndogo iliyobaki nzima aliizungusha taratibu mpaka ikakaa nyuma ya meli yangu, mahali ambapo mizinga yangu haifiki, akaanza kunipiga kutoka huko. Kila akirusha dadu nilikuwa naona chumba nilichokipaka rangi kikibaki kitupu.

Zamu ya saba nilihesabu miraba. Nilikuwa nimevuka kumi na minne, na mbele yangu ilibaki mingine kumi na minne. Zamu zilizobaki ni tano. Mara mbili, kumi. Nikahesabu tena kwa kidole. Hata kama kaka angelala usingizi mezani, nisingefika. Nilitakiwa kupewa zamu kumi na nne.

Nikasema moyoni, Mama amekosea. Halafu nikamtazama. Mwanamke huyu alikuwa mfamasia kwa miaka thelathini, akipima dawa kwa mkono usiokosea hata punje. Maisha yetu yote hakuwahi kugawa meli vibaya. Aliyeshindwa alishindwa kwa unywele. Na alijua, kama anavyolijua jina langu, kwamba mimi nikiambiwa nichague nitachukua kubwa.

Alikuwa anatazama kikombe chake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliumia, sitaficha. Nilitaka kuipindua ile meza. Mimi niliyemtafutia mpishi, niliyemwekea na kiti karibu na dirisha! Kiti cha kukalia tu, asubuhi mpaka jioni, katika nyumba isiyo na sauti. Hapo hasira ikanipungua kidogo, ikaja aibu.

Kaka naye alikuwa ameacha kucheza. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya miraba.

"Ngoja," akasema. "Hii haiwezekani. Mama, umekosea hesabu, zilitakiwa zamu kumi na nne. Si haki. Turudie upya."

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kaka alikuwa ameshaanza kuzirudisha meli mwanzoni, mtu mwema asiyeona mbele ya pua yake.

"Hajakosea," nikasema. "Weka hizo meli chini. Nimecheza vibaya."

"Wewe?"

"Mimi. Umeshinda, kaka. Nenda kachemshe chai."

Alinikodolea macho, maana neno hilo hakuwahi kulisikia kwangu tangu nizaliwe. Akaenda jikoni. Tukabaki wawili. Mama akaanza kuzikusanya meli kwenye sanduku lake, moja moja.

"Siku nyingine ukitaka kitu, Mama, niambie," nikasema. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Usinizungushe na dadu kama mtoto."

"Nilikuambia, mwanangu. Mara tatu," akasema. "Ulikuwa unaongea."

Nikavuta kiti karibu yake, naye akaniambia mara ya nne.