Kurasa Mia Mbili za Kunyamaza

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kazini, lakini ndivyo wote walivyomwita, kuanzia wakunjaji mashuka hadi mganga mkuu. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo za hospitali, na wiki ile watu walikuwa wamempanda kichwani.

Chanzo kilikuwa kitabu. Hadithi ya mapenzi, jalada la waridi, dirisha lenye maua, unajua vile vilivyo. Mwenye kitabu alikuwa Redio, mkunjaji, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Wakunjaji walikuwa wamepatana wao kwa wao: Redio asome kwa sauti, wenzake wanne wagawane mashuka yake. Sasa shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, wanasogeleana mpaka mikono ikutane. Hadithi ikifika patamu, jozi zote mbili zinaganda njiani, shuka linaning'inia, midomo wazi. Shangazi akawa anapiga makofi kuwazindua siku nzima.

Na juu ya hayo yote, Fundi wa mashine alikuwa anaondoka Ijumaa. Amepata kazi hospitali nyingine, huko mbali. Miaka sita mtu huyu ameingia pale kila asubuhi, akamuuliza Shangazi ameamkaje, kisha akasimama kungoja jibu, kama vile jibu lenyewe lina maana. Sasa anafungasha. Shangazi alijiambia kinachomkera ni mashine ya kukaushia, nani ataitengeneza ikikwama. Alijiambia hivyo mpaka akajichosha mwenyewe.

Jumatano sista wa chumba cha upasuaji akapiga simu, sauti imemkauka. Daktari amenawa, amevaa glavu, furushi limefunguliwa mbele yake, na ndani hakuna vitambaa vya kijani. Kuna foronya za wodi ya watoto, zenye sungura.

"Mlikuwa mnawaza nini?" Shangazi aliwauliza wakunjaji.

Mama Mapacha, mkubwa wao kwa umri, alijibu bila haya. "Daktari wa mifugo alikuwa amemshika mkono, Shangazi."

"Mkono wa nani?"

"Wa muoka mikate. Duka lake liko chini, daktari anakaa juu. Wanapendana ila hawajaambiana."

"Na mwishoni wataoana."

"Wataoana, hilo tunalijua tangu ukurasa wa kwanza."

"Sasa kama mnajua, mnasoma nini?"

Mama Mapacha alimaliza kwanza kukunja foronya iliyokuwa mkononi. "Nyumbani kwangu sijui lolote litaishaje. Baba watoto sijui, hao watoto wenyewe sijui. Hapa najua. Nikisikiliza, napumua kidogo."

Maneno hayo yakamuudhi Shangazi zaidi. Akakitwaa kitabu akaenda nacho ofisini. Wakati wa chakula akakifungua, auone huo upuuzi kwa macho yake, ukurasa mmoja tu. Alhamisi chakula kikampoa mezani hajakigusa. Ee, jamani! Daktari anashuka ngazi kila jioni kuulizia mkate, na anajua umekwisha. Mwanamke anamfichia mmoja chini ya kaunta, halafu anamwambia umebaki kwa bahati. Siku daktari anapata kazi mji mwingine, mwanamke anafanya nini? Anamtakia safari njema. Kisha anarudi jikoni kukanda unga na kulia.

Ijumaa asubuhi Shangazi alitoka ofisini akakibwaga kitabu juu ya meza ya kukunjia.

"Mwanamke gani huyu? Kurasa mia mbili amenyamaza tu. Mtu amemuonyesha kila kitu, kilichobaki ni kufungua mdomo, yeye eti safari njema. Angekuwa hapa ningemzaba kibao."

Wote watano walimtazama, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na la kusema. Ni Mama Mapacha aliyezungumza, kwa upole uliomchoma Shangazi kuliko tusi. "Ni kweli, Shangazi. Watu wa hivyo wapo."

Shangazi alihisi uso unamwaka. Alitamani kurudi ofisini ajifungie. Badala yake miguu ikampeleka chumba cha kukaushia, mwendo wa mtu anayekwenda kugombana, akamkuta Fundi anakusanya spana zake.

"Kwa hiyo unaondoka," alisema.

"Naondoka, Shangazi."

"Usiniite shangazi, mimi si dada wa baba yako. Miaka yote hii hujawahi kuniambia kitu."

Fundi aliweka spana chini taratibu. "Niliwahi kukuuliza. Siku bomba lilipopasuka, tukabaki wawili tunakausha sakafu. Nilikuuliza kama unaishi peke yako. Ukaniambia nishughulike na bomba."

Shangazi aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka alivyofika nyumbani akajisuta mpaka usingizi ukamchukua, na kesho yake akaja kazini akanyamaza. Hasira zote alizombebea yule muoka mikate zikamgeukia mwenyewe, na zilikuwa nyingi.

"Niulize tena," alisema.

"Sasa hivi?"

"Usinichoshe. Uliza."

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali. "Unaishi peke yako?"

"Ndiyo," alisema Shangazi. "Na nimechoka kuishi hivyo."